Kivinjari cha msimbo kikilaumiwa, kosa huwa la nani?

Jumamosi huwa nakaa na vijana wanne wanaojifunza kuandika programu. Wiki chache zilizopita nilimpa mmoja wao kazi ndogo. Nina programu ya hesabu za kikoba, niliyoiandika kwa lugha ya programu iitwayo Smalltalk, na humtoza faini ya asilimia mbili anayechelewesha rejesho. Aifanye tatu. Basi.

Akafungua kivinjari cha msimbo, zana ya kupekulia maandishi ya programu. Akatafuta "faini", hakuna kitu. Akafikiri kidogo, akatafuta "penalty", zikaja methodi kumi na moja, yaani vipande vya msimbo vyenye majina, kila kimoja na kazi yake. Akachagua moja, akaisoma, akaona inaita nyingine, akaomba aonyeshwe ilipo hiyo nyingine. Dirisha jipya likafunguka juu ya lile la kwanza. Humo nako kulikuwa na wito mwingine, likafunguka la tatu. Kufikia la sita skrini ilikuwa kama meza ya karani wa mahakama, madirisha yamelaliana, na mwenyewe kashasahau alitokea wapi. Akayafunga yote, akaanza upya. Mara ya pili ikawa vilevile. Akanigeukia: "Kaka, hiki kidude kibovu. Kiwekewe vichupo, kama VS Code." (VS Code ni kihariri cha msimbo; vichupo ni vile vibandiko vya juu vya kuhama kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ndani ya dirisha moja.)

Huo ndio mrejesho. Mfupi, wa kweli, umetoka moyoni, na ukiuchukua kama ulivyo utakupoteza. Nilikuwa nimekaa ubavuni kwake muda wote, na niliona mambo matatu yaliyomkwamisha. Kwanza neno: yeye anawaza "faini", na aliyeandika aliwaza kwa Kiingereza. Pili madirisha. Tatu, ile asilimia mbili haikuwamo katika methodi yoyote yenye jina la penalty. Nilikuwa nimeitumbukiza kwenye methodi niliyoiita "rate2", usiku mmoja nilipokuwa na haraka. Hilo kosa langu, halina uhusiano wowote na dirisha. Lakini yeye aliyatia yote matatu kwenye kapu moja, akalibandika jina: kidude kibovu.

Ugumu wa mrejesho juu ya vivinjari vya msimbo uko hapo. Mtu humwona mshitakiwa mmoja tu, kwa kuwa ndiye aliye mbele ya macho yake.

Tuseme kwanza kidude chenyewe ni nini. Kuvinjari ni neno la baharini. Manowari huvinjari pwani, huzungukazunguka ikiangalia kuna nini. Siku hizi ukisema kivinjari watu hukumbuka Chrome na Firefox, ila cha msimbo ni kingine: ni programu ya kutembelea programu. Hukuonyesha ina sehemu gani, nani anamwita nani, jina fulani limezaliwa wapi na linatumika wapi. (Nasema msimbo kwa makusudi. Kazini wengi tunasema kodi, na iko siku mtu wa TRA atageuka.) Wanaosoma kiini cha Linux hutumia Elixir ya Bootlin, inayofunguka ndani ya kivinjari cha wavuti. Wanaotumia VS Code au IntelliJ wanacho humohumo ndani bila kukiita hivyo.

Kwenye Smalltalk kivinjari kina uzito wa pekee, kwa sababu msimbo haukai katika faili moja moja kama ilivyo kwa Python au Java. Unaishi ndani ya kile wanachokiita taswira, yaani kumbukumbu nzima ya mfumo iliyohifadhiwa ikiwa hai, klasi (ramani za kuundia vitu, nitazieleza mbele) na vitu vyake vyote vikiwa humo. Katika lugha nyingine ukikichukia kivinjari unafungua faili kwa kihariri chochote na maisha yanaendelea. Huku hakuna mlango wa uani. Kivinjari kikikuudhi, lugha nzima imekuudhi.

Umbo lake ni la zamani kuliko wengi wanaolilalamikia. Lilizaliwa miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox PARC, Palo Alto, California, walikokuwa akina Alan Kay, Dan Ingalls na Adele Goldberg, na aliyelibuni ni Larry Tesler. Juu kuna orodha nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu: makundi ya klasi, klasi zenyewe, makundi ya methodi, methodi zenyewe. Ukibofya kushoto, ya kulia yake inajaa. Chini yake kuna nafasi pana inayoonyesha msimbo wa methodi uliyoichagua. Hiyo tu. Smalltalk-80 ilipotolewa kwa umma mwanzoni mwa miaka ya 1980, kivinjari hicho kilitoka nayo, na ukifungua leo Smalltalk za baadaye, kama Squeak ya 1996 au Pharo iliyochipuka kwake 2008, utakitambua mara moja, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Sasa jambo moja ambalo kila ninapolitazama hunichekesha. Tesler alikuwa adui mkubwa wa "hali" katika violesura, yaani sehemu za programu anazoziona na kuzigusa mtumiaji. Hali ni pale kitendo kilekile kinapoleta matokeo tofauti kwa kutegemea swichi uliyoiacha wapi. Mfano mwepesi ni Caps Lock unapoandika nywila. Chuki yake ilifikia gari lake kubeba namba iliyosomeka "NO MODES". Lakini katika kivinjari kilekile, chini ya orodha ya klasi, kuna vitufe viwili, kimoja "instance" na kingine "class", na hivyo ni hali tupu.

Kwa asiyeijua Smalltalk: klasi ni ramani ya nyumba, na kitu ni nyumba iliyojengwa kwa ramani hiyo, moja Tabata, nyingine Mbezi. Kuna methodi za nyumba (fungua mlango) na kuna methodi za ramani (jenga nyumba mpya). Kitufe cha kwanza kinaonyesha za nyumba, cha pili za ramani. Mwanafunzi hubofya cha pili kwa sababu anataka kuona namna kitu kinavyoumbwa, kisha anasahau kurudi. Anaandika methodi yake safi kabisa, anaihifadhi, kivinjari kinaikubali bila kunung'unika. Anaendesha programu: mfumo unamwambia kitu hakielewi ujumbe huo. Anarudi kwenye kivinjari, na methodi ile pale, anaiona kwa macho yake! Hapo ndipo utamsikia akisema Smalltalk ina wazimu.

Malalamiko ya namna hii ni rahisi kuyatibu, ilimradi msemaji aseme lililotokea. "Niliandika methodi, ikahifadhiwa, naiona, lakini programu inadai haipo." Sentensi hiyo ina dhahabu ndani yake. Mbuni akiisoma anajua kwamba alama ya upande uliopo haionekani vya kutosha, na anaweza kubadili rangi ya orodha nzima au kuandika jina la upande huo juu ya msimbo wenyewe. "Kiolesura kinachanganya" hakimpi chochote cha kushika.

Kuna jingine la aina hiyohiyo, dogo zaidi, katika matoleo ya zamani ya Squeak. Umebadili methodi, hujaihifadhi, ukabofya nyingine. Dirisha dogo linauliza: mabadiliko hayajahifadhiwa, ni sawa kuyafuta? Swali liko wazi ukilisoma umetulia. Lakini neno la Kiingereza lililotumika ni "cancel", ambalo kwenye madirisha mengine yote duniani humaanisha "acha, nirudishe nilipokuwa". Mtu mwenye haraka anajibu ndiyo, akidhani anakubali kurudi, na kazi yake imekwenda. Neno moja tu, na hapo msimbo hauna hatia wala lugha haina hatia, ni dirisha.

Ila si kila kesi iko wazi hivyo. Chukua lalamiko ambalo kila mtumiaji wa Smalltalk ameshalisikia: "Nikiomba kuonyeshwa methodi hii ilipo, naletewa orodha ndefu kama foleni ya daladala." Ni kweli. Omba ziliko methodi zinazoitwa "value" na utapata rundo. Lakini kivinjari kingefanya nini? Smalltalk haimlazimishi mwandishi atangaze aina ya kila kigeu (jina linaloshika thamani, iwe namba, neno au kitu kingine), kwa hiyo kabla programu haijaendeshwa kivinjari hakijui kwa hakika ni "value" ya klasi ipi itakayoitwa. Kwenye Java aina imetangazwa, ndiyo maana zana zake hukata orodha ile mpaka zikabaki chache. Lawama ya orodha ndefu ni ya lugha, na lugha ilichagua hivyo ikijua inachokipata kwa upande wa pili. Kinachoweza kuombwa kwa mbuni wa dirisha ni kingine: aipange orodha vizuri, za pakiti uliyomo, yaani fungu la msimbo unalolifanyia kazi, zikae juu, za mbali chini.

Kwa wa VS Code nako mambo yamegawanyika, ingawa wengi hawajui. Dirisha ni programu moja, na ujuzi wa lugha unakaa katika programu nyingine inayoendeshwa nyuma yake. Zinaongea kwa itifaki iitwayo LSP, iliyotangazwa 2016. Ukibofya jina ukapelekwa pasipo, mara nyingi aliyekosea ni yule wa nyuma. Malalamiko unayampelekea wa mbele.

Kwa hiyo lalamiko moja linaweza kuwa na wenyewe wanne: dirisha, mtambo wa nyuma, lugha, au aliyeuandika msimbo unaosomwa. Utawatenganishaje? Njia ninayoiamini ni kuliacha lalamiko kando kwanza, ukamuuliza mtu alikuwa anatafuta jibu la swali gani. Mtu hafungui kivinjari kwa kukipenda. Kuna kitu anataka kukijua. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, waliwafuatilia waandishi wa programu wakiwa kazini na kuorodhesha aina 44 za maswali wanayojiuliza wanapobadili msimbo. Yako mepesi: jina hili limefafanuliwa wapi? Yako ya kati: nani anaita methodi hii? Na yako mazito, yanayohitaji kushika sehemu nyingi kwa pamoja: nikigusa hapa, kutaharibika nini kule?

Vivinjari vingi hujibu maswali mepesi kwa ustadi, na ya kati kwa kiasi. Vinapofika kwenye mazito huanza kutoa jasho, kwa kuwa jibu halikai mahali pamoja. Kijana wangu alikuwa na swali zito bila kujijua. Alitaka kufuata njia ya pesa kutoka rejesho mpaka faini, hatua sita, na dirisha la Tesler liliumbwa kuonyesha methodi moja kwa wakati. Thomas Green na Marian Petre, waliotunga msamiati mzima wa kuzipima lugha na zana za waandishi wa programu, wanalo jina kwa kinachokosekana hapo: ni uwezo wa kuweka vitu viwili ubavuni kwa ubavu ukavilinganisha. Wana jingine pia, utegemezi uliofichika, yaani kitu kinachotegemea kingine bila alama yoyote ya kukuonya. Ukiwa na maneno kama hayo mazungumzo hubadilika. Badala ya "kiwekewe vichupo" unasema "siwezi kuona ninakotoka na ninakokwenda kwa pamoja".

Na ukishasema hivyo, vichupo vinapungua thamani ghafla. Kichupo huficha kimoja unapofungua kingine. Kingemsaidia kijana kufunga madirisha yake vizuri, kisha kingempoteza kwa unadhifu zaidi. Dawa zipo nyingine. Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, 2010 walitoa Code Bubbles, ambamo kila methodi hukaa ndani ya kiputo chake na kiputo kinachoitwa hujipanga pembeni ya kilichokiita, mshale katikati; njia yako yote unaiona imetandazwa kama mkeka. Inapendeza, ingawa inataka skrini pana, na laptopu ya inchi 13 ya kijana wangu ingelalamika yenyewe.

Gharama ya kupotea si ndogo. Katika utafiti mwingine wa 2006, uliofanyiwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa waandishi wa programu kumi waliokuwa wakitumia Eclipse, zana ya kuandikia programu, ilionekana kwamba kwa wastani asilimia 35 ya muda wao iliishia kwenye kusogea tu: kupanda, kushuka, kufungua, kurudi. Kumi ni watu wachache, na Eclipse ile ilikuwa ya zamani, kwa hiyo sitaibeba namba hiyo kama msahafu. Lakini muulize yeyote anayefanya kazi hii asubuhi hadi jioni kama inamshangaza.

Kasi nayo huingia hapa, kwa kifupi. Ni kanuni ya zamani kwamba jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huhisi amelifanya mwenyewe, likifika sekunde moja bado anashika wazo lake, likifika sekunde kumi ameshachukua simu. Mtu akisema utafutaji "haufanyi kazi", mpime muda kwanza. Huenda unafanya kazi, ila unachelewa kuliko wazo lake.

Kinachofuata ni kigumu zaidi: mrejesho wa mkongwe na wa mgeni hupingana, na wote wawili wanasema kweli. Mgeni anataka vitufe vyenye maandishi, vionekane. Mkongwe anataka vitufe viondoke vimwachie nafasi, yeye ana njia za mkato vidoleni. Mgeni anaona orodha nne ni nyingi. Mkongwe ukimtolea hata moja atakuandikia barua ndefu. Mimi, kwa kadiri nilivyoona, humwamini mgeni anaponionyesha alipokwama na humwamini mkongwe anaponionyesha anachokirudia mara hamsini kwa siku. Wakianza kunibunia dirisha, wote wawili nawasikiliza kwa sikio moja.

Kuna kisa cha kweli kinachoonyesha namna jambo kubwa linavyoweza kujificha ndani ya lalamiko lisilosemwa. Miaka ya 1990 John Brant na Don Roberts, Chuo Kikuu cha Illinois, walitengeneza zana ya kupanga upya msimbo wa Smalltalk bila kubadili kazi yake. Kwa mfano unabadili jina la methodi na kila mahali inapoitwa panabadilika penyewe. Mara ya kwanza waliiweka kama programu ya peke yake. Haikutumiwa. Hata wao wenyewe, kwa kukiri kwao, hawakuitumia. Walipoiingiza ndani ya kivinjari, kwenye menyu ileile ambayo mkono tayari uko juu yake, wakaanza kuitumia kila siku, na wengine nao. Uwezo wa zana ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni umbali wake kutoka mahali mtu alipokuwa akiangalia. Na usingepata mrejesho wa kukuambia hivyo, kwa sababu mtu hailalamikii zana ambayo hajaifungua.

Ndiyo maana kukaa na kutazama kunashinda fomu ya maoni. Tesler alilijua hilo mapema. Alipokuwa akiwaza kihariri cha maandishi pale PARC, alimkalisha katibu muhtasi aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa mbele ya skrini isiyo na kitu, akamwomba afikirie kuna ukurasa pale, aeleze angeusahihisha vipi. Programu haikuwepo. Alitaka kuona mkono wa mtu unaelekea wapi kabla hajafundishwa. Ukitaka kufanya hivyo kwa kivinjari cha msimbo huhitaji umati. Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa urahisi wa kutumia programu, walikokotoa 1993 kwamba mtumiaji mmoja hufichua takriban asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano hukufikisha karibu asilimia 85. Lakini hesabu hiyo ni ya watu wanaofanana. Wageni watano watakuonyesha vikwazo vya wageni. Vya wakongwe utavitafuta kwa wakongwe. Mpe mtu kazi halisi yenye mwisho, mwambie aongee anachowaza kwa sauti, halafu wewe funga mdomo. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda mimi. Dakika ya tatu nilikuwa nimeshanyoosha kidole kwenye skrini.

Na kama wewe ndiye mtumiaji unayeandika maoni yako, dakika tano zinatosha. Sema ulitaka kujua nini, ulianzia wapi, ulibofya nini na nini, ulitarajia kuona nini, na uliona nini badala yake. Pendekezo lako liweke mwisho kabisa, au liache. Taja toleo, na taja ukubwa wa skrini yako, maana theluthi ya ugomvi wa madirisha ni ugomvi wa nafasi (theluthi hiyo nimeikisia mwenyewe, usiniulize ushahidi).

Kijana wangu nilimwambia aandike hivyo. Kwanza nilibadili jina la "rate2", nikaona haya kidogo. Suala la "faini" tumeliacha. Tuliongea nusu saa kama majina ya ndani ya programu ya kikoba yawe Kiswahili, na hatukuafikiana. Kisha akachukua karatasi, akachora madirisha yake sita kama alivyoyafungua, na mshale kutoka moja hadi jingine. Kwenye la nne aliandika kwa kalamu nyekundu: "hapa sikujua tena nimetoka wapi". La vichupo hakuliandika kabisa. Tukaipiga picha karatasi, tukawatumia wanaokitunza kivinjari kile, pamoja na mistari minne ya maelezo na ukubwa wa skrini yake.